Aliyehamishwa na Mafuriko au Ukame: Haki Zake Kisheria

Jina "mkimbizi wa tabianchi" limezoeleka katika mazungumzo, lakini si hadhi inayotambuliwa na sheria. Kwa mujibu wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951, mkimbizi ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu ya kuteswa kutokana na rangi, dini, utaifa, kundi lake la kijamii au maoni ya kisiasa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 uliongeza wanaokimbia uvamizi na matukio yanayovuruga amani, na Sheria ya Wakimbizi Na. 9 ya mwaka 1998 ikafuata mkondo huo. Mkazi wa Masasi au Newala anayehama kwa mafuriko au kwa kukosa maji hubaki raia ndani ya nchi yake, na ulinzi wake umo katika sheria nyingine.

Kusini si eneo geni kwa majanga. Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Aprili 2019 Mtwara iliwekwa katika tahadhari kabla ya Kimbunga Kenneth kutua Msumbiji, na Mei 2024 mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara inayounganisha Dar es Salaam na mikoa hiyo. Katika matukio ya namna hii, Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 ndiyo inayoongoza uokoaji na misaada, kupitia kamati zinazoanzia ngazi ya taifa hadi kijiji.

Uhamaji wa polepole, hata hivyo, hauna king'ora. Uwanda wa Makonde una udongo wa kichanga unaomeza mvua. Maji hujitokeza chini, kwenye chemchemi za miteremko kama ile ya Ndanda, na kwa vizazi vingi akina mama wa juu wameteremka mabondeni kuyafuata. Misimu ikiharibika mfululizo, kaya huondoka mojamoja, na shamba la mikorosho hubaki nyuma. Hapo ndipo swali zito hujitokeza: je, aliyeondoka amepoteza ardhi yake?

Jibu limo katika kifungu cha 45 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999. Ardhi yenye hakimiliki ya kimila yaweza kuhesabiwa kuwa imetelekezwa iwapo haikukaliwa wala kutumiwa kwa muda usiopungua miaka mitano. Hata hivyo, kabla ya kuamua, halmashauri ya kijiji inatakiwa kuzingatia uwezo wa mmiliki, umri na afya yake, pamoja na hali ya hewa ya eneo hilo katika miaka mitatu iliyotangulia. Ni kipengele kifupi kisichotajwa mara nyingi, lakini kwa aliyehamishwa na ukame ndicho kinga yake ya kwanza. Aidha, halmashauri haiwezi kuitwaa ardhi kimyakimya. Ni lazima itoe notisi na kumpa mhusika nafasi ya kujieleza.

Anayevuka Mto Ruvuma kwenda Msumbiji yuko katika hali dhaifu zaidi. Sheria hiyo hiyo humhesabu kuwa ametelekeza ardhi mtu aliyeondoka nchini bila kumwachia mwangalizi wala kuitaarifu halmashauri. Na huko aendako, ukame peke yake haumpi hadhi ya ukimbizi. Katika shauri la Ioane Teitiota, raia wa Kiribati aliyerudishwa kwao kutoka New Zealand, Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikubali kwamba athari za tabianchi zaweza kuizuia nchi kumrudisha mtu mahali ambapo uhai wake uko hatarini. Uamuzi huo ulitangazwa Januari 2020. Hata hivyo, Teitiota mwenyewe hakushinda.

Anayekusudia kuhama anashauriwa kuiarifu halmashauri ya kijiji kwa maandishi, akitaja sababu na jina la atakayeliangalia shamba, abaki na nakala, na aende na hati yake ya hakimiliki ya kimila.