Kibarua Kilipoota Nyasi: Vyama vya Wafanyakazi na Vibarua Waliofukuzwa Kazi, kutoka Mombasa na Dar es Salaam hadi Jabe

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna vyama vya wafanyakazi vya Afrika Mashariki vilivyosimama, au vilivyoshindwa kusimama, na wafanyakazi wa ujira mdogo walioachishwa kazi. Mifano mikuu ni mgomo wa Mombasa wa mwaka 1947 na harakati za wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam kati ya 1947 na 1950. Makala yanadai kwamba mshikamano ulikuwa na nguvu pale kibarua na mwajiriwa wa kudumu walipokuwa katika chombo kimoja, na ulidhoofika pale utaratibu wa ajira ulipowatenganisha. Sehemu ya mwisho inahusisha hoja hiyo na hali ya mtaa wa Jabe, Bujumbura.

1. Utangulizi

Jabe ni mtaa wa Bujumbura ulio katika eneo la Bwiza, komini ya Mukaza. Pamoja na Bwiza na Buyenzi, ni miongoni mwa mitaa ambamo Kiswahili kimekuwa lugha ya nyumbani, ya soko na ya karakana tangu enzi za ukoloni. Wengi wa wanaopata riziki humo ni mafundi wa magari na wasaidizi wao, wachukuzi, vibarua wa ujenzi na watumishi wa nyumbani. Ajira zao mara nyingi hazina mkataba wa maandishi. Mtu huambiwa jioni kwamba kesho asije, na mambo huishia hapo. Swali la makala haya ni la kihistoria: mtu wa namna hiyo anapofukuzwa, nani amewahi kusimama naye, na kwa sababu gani?

Kwa kuwa bandari ndizo zilizokuwa na vibarua wengi waliokusanyika mahali pamoja, jibu linaanzia pwani. Mitaa ya Waswahili ya Bujumbura haikuwa mbali na historia hiyo kama ramani inavyoonyesha. Baada ya mkataba wa mwaka 1921, Wabelgiji walipewa maeneo yao ya bandari Dar es Salaam na Kigoma, na shehena za Ruanda-Urundi zikapita kwa reli ya kati na kuvuka ziwa hadi Usumbura. Njia iliyopitisha mizigo ilipitisha pia watu, na watu hao walisafiri na maneno yao.

2. Neno na mantiki yake

Neno kibarua lina historia inayofaa kuangaliwa kabla ya matukio yenyewe. Asili yake ni barua, na maana yake ya kwanza ni karatasi ndogo, yaani cheti cha kazi ya siku. Katika karne ya 19 lilitumika pwani kwa watumwa waliokodishwa kwa kutwa, ambao sehemu ya ujira wao ilichukuliwa na mabwana zao. Baadaye jina la karatasi likawa jina la mtu. Kipande kina historia inayokaribiana na hiyo. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Nchini Kenya kilikuwa hati ya kuandikishwa iliyoanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na mwajiri alipaswa kuitia saini mfanyakazi alipoondoka. Aliyeondoka bila saini alihesabiwa kuwa mtoro na aliweza kushtakiwa.

Maneno haya yanafichua mantiki moja. Kisheria, kibarua hafukuzwi, kwa kuwa ajira yake huisha kila jua linapotua. Mwajiri hahitaji kutoa sababu wala notisi. Inatosha asimwite kesho yake. Ndiyo maana msemo wa Kiswahili kwa aliyepoteza kazi ni kwamba kibarua chake kimeota nyasi: hakuna aliyetenda jambo, nyasi zimeota zenyewe. Chama cha wafanyakazi kinachotaka kumtetea mtu huyu hukutana na kikwazo tangu mwanzo, kwa maana hakuna tendo la kulipinga mbele ya hakimu.

3. Mombasa, 1947

Mgomo ulioanza tarehe 13 Januari 1947 ulikishinda kikwazo hicho kwa siku 12. Wafanyakazi wapatao 15,000 waliacha kazi: wa bandarini, wa reli, wa hoteli na watumishi wa nyumbani. Mikutano ilifanyika katika uwanja ambao wagomaji waliuita Kiwanja cha Maskini. Humo ndimo ulimokua Muungano wa Wafanyakazi wa Kiafrika, uliokuja kuongozwa na Chege Kibachia.

Jambo la kuzingatia ni mchanganyiko wa waliokuwa uwanjani. Mpishi wa nyumbani aliyegoma peke yake angefukuzwa asubuhi na mwingine kuajiriwa kabla ya chakula cha mchana. Kuli wa kutwa naye hakuwa na kazi ya kurudishiwa. Walipokuwa pamoja na watumishi wa reli wenye mishahara ya mwezi, tishio la kumwachisha mmoja lilipoteza makali yake, kwa sababu hakukuwa na wa kuziba pengo. Jina la uwanja nalo halikuwataja watu kwa kazi, kabila au cheo cha ajira. Liliwataja kwa umaskini wao, na umaskini huo ndio uliokuwa msingi wa mshikamano. Lugha iliyotumika kuwaunganisha watu wa makabila mengi ilikuwa Kiswahili.

Serikali ilijibu kwa njia mbili. Kibachia alikamatwa Agosti 1947 na kuhamishiwa Kabarnet, mbali na Mombasa. Papo hapo, baraza la usuluhishi lililoongozwa na Jaji Thacker liliongeza malipo, huku likimpa nafuu zaidi aliyetumikia muda mrefu. Katika miaka iliyofuata, bandari ilianza kupunguza ajira ya kutwa kwa kuwaandikisha makuli wachache watakaofika kazini mara kwa mara. Mwanahistoria Frederick Cooper ameonyesha kwamba hatua hizi zililenga kumtenganisha mfanyakazi wa bandari na umma wa mjini. Aliyebaki daftarini alipata afadhali. Aliyefutwa alirudi mtaani, na safari hii waliobaki hawakuwa naye uwanjani.

4. Dar es Salaam, 1947–1958

Dar es Salaam ilipita njia kama hiyo kwa kasi zaidi. Mgomo wa makuli ulioanza Septemba 1947 ulienea kwa wafanyakazi wa reli na kufuata reli ya kati hadi miji ya bara. Ulizaa nyongeza kubwa ya ujira na chama cha wafanyakazi wa bandari, ambacho nguvu yake ilitoka kwa watu wa kutwa. Waajiri walipoleta utaratibu mpya wa kuwaita makuli kazini, chama kiligoma Februari 1950. Fujo zikazuka, viongozi na wanachama wakafungwa, na katika mwaka huohuo chama kikavunjwa kwa amri ya mahakama. Kilichofuata kilikuwa bandari yenye wafanyakazi wachache zaidi na wanaolipwa vizuri zaidi. John Iliffe, aliyeandika historia ya makuli hao, anaonyesha jinsi walivyogeuka kuwa kundi lililojitenga na maskini wengine wa mji.

Mshikamano ulirudi kwa umbo jingine. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Tanganyika, TFL, liliundwa mwaka 1955, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu wake. Wakati wa mgomo wa wafanyakazi wa kiwanda cha bia mwaka 1958, shirikisho lilitoa wito wa kususia bia, na TANU ikauunga mkono. Hatua hii ina uzito wake katika hoja yetu. Watu wachache wa kiwanda kimoja wanaweza kubadilishwa kwa urahisi, lakini mwajiri hawezi kuwabadilisha wateja wake. Mtu asiye na ajira kabisa aliweza kushiriki kwa kuacha chupa dukani.

5. Burundi: vyama na mtaa

Nchini Burundi njia hiyo ilifungwa mapema. Mnamo Januari 1962, miezi michache kabla ya uhuru, vijana wa JNR walishambulia na kuua viongozi wa vyama vya Kikristo vya wafanyakazi katika mtaa wa Kamenge. Waliouawa walikuwa Wahutu, na tukio hilo lilitia harakati za wafanyakazi katika mpasuko wa kikabila tangu mwanzo wa taifa. Mwaka 1967 uliundwa muungano mmoja wa wafanyakazi, UTB, chini ya chama tawala cha UPRONA. Uhuru wa vyama ulirudi katika miaka ya 1990: sheria ya kazi ya tarehe 7 Julai 1993, kisha shirikisho la COSYBU mwaka 1995. Sheria hiyo imerithiwa na ile ya tarehe 24 Novemba 2020.

Vyama vilivyozaliwa upya vilisimama hasa juu ya walimu, wauguzi na watumishi wengine wa serikali. Msaidizi wa fundi wa Jabe hakuwa mwanachama. Kiwango cha chini cha ujira kinaeleza pengo hilo kuliko hotuba yoyote: faranga 160 kwa siku kwa Bujumbura na Gitega, na faranga 105 kwingineko, kilichowekwa mwaka 1988 na kuachwa bila kubadilishwa kwa zaidi ya miongo mitatu, huku thamani ya faranga ikiporomoka. Chama chenye nguvu miongoni mwa maskini kisingevumilia jambo hilo kwa muda huo wote.

Lugha nayo ina sehemu yake. Neno linalosikika Bujumbura kwa chombo hiki ni sendika, lililotoka katika Kifaransa cha ofisi. Neno chama ni pana zaidi: hutumika kwa kikundi cha akiba, cha maziko na cha mafundi. Sendika hutajwa kama ya watu wenye mshahara. Chama ni cha yeyote anayechanga.

6. Mafunzo kwa sera

Historia hii inatoa mambo matatu. Kwanza, uanachama usifungwe na mkataba wa maandishi, kwa kuwa anayefukuzwa kwa urahisi zaidi ndiye asiye na mkataba. Vikundi vya mitaani vilivyopo vinaweza kupokelewa ndani ya mashirikisho, na michango yao ikadiriwe kwa kipato cha kutwa. Pili, nyongeza yoyote inayopatikana kwa wachache waliosajiliwa ipimwe pia kwa hatima ya walioachwa nje ya daftari. Mombasa na Dar es Salaam zilionyesha gharama ya kutopima. Tatu, haki za kazi zielezwe kwa Kiswahili pamoja na Kirundi katika mitaa inayokitumia. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika 2010 inawaruhusu wafanyakazi kuvuka mipaka. COSYBU imo katika shirikisho la vyama vya wafanyakazi la kanda, EATUC, lenye makao Arusha. Lugha ya kusaidiana ipo tayari. Kinachohitajika ni kuipa kazi.

7. Hitimisho

Mshikamano na waliofukuzwa ulitegemea jinsi chombo kilivyoundwa zaidi kuliko huruma ya viongozi wake. Kiwanja cha Maskini kiliwaweka wote mahali pamoja, nacho kikatisha tishio la kufukuzwa. Daftari la bandari liliwagawa, nalo likalirudisha. Msemo wa nyasi unatuambia kwamba kupoteza kazi ni jambo linalotokea lenyewe. Kazi ya chama chochote kitakachofika Jabe ni kuonyesha kwamba kuna aliyeliacha shamba, na kwamba anaweza kuulizwa.