Maji ya Magotini

Sijui kuogelea, na umri wa kujifunza nimeuacha upite bila majuto. Lakini nipeleke mahali penye miserereko ya maji, bwawa la mawimbi na tyubu za kukalia, jioni utanitoa kwa kunibembeleza. Watu hushangaa. Wanadhani pale ni pa waogeleaji na mimi nimedandia tu. Nimefuatilia historia ya mahali pa aina hiyo, nami nasema kinyume: palijengwa kwa ajili ya watu kama mimi. Mwogeleaji hodari ana bahari, ana ziwa, ana bwawa la mita 50. Kwenye miserereko hana hata pa kunyooshea mikono.

Nilizaliwa Mwanza, Kirumba. Mtu wa mbali akisikia hivyo hudhani nilikua majini kama sato. Ziwa tulikuwa tukiliona kila siku na kukatazwa kila siku. Kulikuwa na mamba, kulikuwa na kichocho. Kaka zangu waliokwenda kuoga kwa siri walipokewa mlangoni na mama, akawapitishia ukucha mkononi: ukiacha mstari mweupe, ushahidi umepatikana, fimbo inafuata. Kisha tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ikazama ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza, mamia ya watu wakafa, na tangu hapo mama hakuhitaji tena kutueleza sababu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 pekee watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani. Hofu yangu ina msingi. Nilichotaka kujua ni nani aliyekaa akawaza kwamba watu wenye hofu hii wanaweza kutoa pesa zao ili wakashinde ndani ya maji.

Wa kwanza ninayempenda katika habari hii ni Paul Boyton, aliyejiita Kapteni. Mwaka 1875 alivuka mlango wa bahari kutoka Ufaransa hadi Uingereza akiwa amevaa suti ya mpira iliyojazwa hewa, amelala chali, anapiga kasia kama aliye ndani ya mtumbwi, ila mtumbwi wenyewe ni yeye. Kuogelea alijua, lakini safari ile alibebwa na mpira. Miaka 20 baadaye, 1895, akafungua Sea Lion Park huko Coney Island, New York. Alizungushia uzio, akaweka kiingilio kimoja mlangoni, na kivutio kikubwa kilikuwa mashua iliyoporomoka kwenye mteremko na kurukaruka juu ya maji ya bwawa. Abiria walikaa na suti zao na kofia zao. Walirushiwa matone, wakapiga kelele, wakashuka na viatu vikavu au karibu vikavu. Raha ya maji ilikuwa imeshatengwa na ujuzi wa kuogelea, ingawa bado hakuna aliyelowa sawasawa.

Wajerumani walikuja na mawimbi. Kwenye maonyesho ya afya ya Dresden mwaka 1911 palikuwa na mashine iliyoitwa Undosa, na mwaka uliofuata ikawekwa kwenye bwawa la Bilz-Bad, mji wa jirani wa Radebeul, ambako ipo hadi leo na bado inafanya kazi. Hoteli ya Gellért ya Budapest nayo ikapata bwawa lake la mawimbi mwaka 1927. Nalitaja hili kwa sababu bwawa la mawimbi ndilo lililonishika mimi. Sakafu yake huanzia sifuri, kama ufukwe, ikateremka polepole; kwa hiyo kina unakichagua mwenyewe kwa hatua zako. Katika mabwawa mengi ya siku hizi, nyuma ya ukuta wa upande wa maji marefu kuna vyumba ambamo feni kubwa husukuma upepo. Upepo ukikandamiza maji ya mle ndani, ya huku nje hupanda na kuja kwako. Kengele hulia kwanza. Watoto hupiga mayowe kabla hata ya wimbi la kwanza, nami nimo miongoni mwao, maji yako kiunoni, dera limevimba kama mwavuli.

Mserereko ulichelewa kunifikiria. Herbert Sellner wa Faribault, Minnesota, alibuni wake mwaka 1923: unakalia kisleji cha mbao, unateleza kwenye reli, kisha unatupwa juu ya ziwa na kwenda kwa kasi mpaka mwendo unakwisha. Hapo ndipo penye kasoro kwangu, maana mwendo unapokwisha uko katikati ya ziwa.

Halafu kuna sura ambayo haichekeshi. Marekani ilijenga mabwawa mengi ya umma, na kwa miaka mingi watu weusi walizuiwa kuingia, au wakapewa siku zao, au hawakupewa chochote. Tarehe 18 Juni 1964, huko St. Augustine, Florida, waandamanaji weusi na weupe waliingia pamoja katika bwawa la Monson Motor Lodge, na mwenye hoteli akamwaga asidi majini wao wakiwa humo humo. Mji wa Jackson, Mississippi, ulipoambiwa ubaguzi basi, uliona bora kufunga mabwawa yake kuliko watu kuoga pamoja, na mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Marekani ikaukubalia kwa kura 5 dhidi ya 4. Mzazi aliyefungiwa bwawa hana cha kumfundisha mwanawe. Nikisikia mtu anasema watu weusi hawapendi maji, huwa namuuliza funguo alikuwa nazo nani.

Florida hiyo hiyo ndiko mambo yalikogeuka. Juni 1976 Disney walifungua River Country, mahali palipoigizwa dimbwi la kijijini wanakorukia watoto wa kiume, chini kuna mchanga, pembeni kuna miamba ya bandia. Palipendeza, lakini palikuwa ni ndoto ya mtu aliyekua akijua kupiga mbizi. Machi 1977, mjini Orlando, George Millay akafungua Wet 'n Wild. Alikuwa mmoja wa waanzilishi wa SeaWorld mwaka 1964, mahali ambapo watu hukaa wakavu wakitazama pomboo wakifurahia maji. Safari hii aliwaingiza watu wenyewe. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa hasara, lakini hatimaye biashara ikashika, na wenye fani wakaja kumwita baba wa bustani za maji.

Katika mpangilio ambao bustani hizi zimeufuata, maji yanayomiminwa juu ya mserereko kazi yake kubwa ni kupunguza msuguano. Hakuna anayekutaka uyaogelee. Na chini hukuti ziwa la Sellner, mara nyingi unakuta mfereji mrefu wa maji ya magotini, unaokula mwendo wako kidogo kidogo mpaka unajikuta umekaa kitako, nywele zimetibuka, na kijana mwenye filimbi anakwambia, "Simama, mama, pisha mwingine."

Tyubu nazo zina ukoo wao. New Braunfels, Texas, watu walizoea kuelea kwenye mto Comal wakiwa wamekalia tyubu za matairi ya lori, na mwaka 1979 Schlitterbahn ikafunguliwa kando ya mto huo, baadhi ya njia zake zikitumia maji yake. Aliyewahi kukalia tyubu ya lori anajua ubaya wake: ule mdomo wa kujazia upepo hukuchuna paja. Zile za bustani zina vishikio viwili na hazikuchuni. Unaigeukia kwa mgongo, unaishika, unajiachia kwa makalio hadi yaingie tunduni, miguu inabaki juu hewani. Heshima yote inaishia hapo. Baada ya hapo mto wa duara unakuzungusha, na huna kazi nyingine duniani.

Nisije nikaonekana napiga debe. Action Park ya Vernon, New Jersey, iliyofunguliwa 1978, ilionyesha kinachotokea ukiwaita wasiojua kuogelea bila kuwajali. Bwawa lake la mawimbi lilikuwa na kina kirefu upande mmoja, na vijana walizama humo wakafa mwaka 1982 na 1984. Wenyeji wakalipachika jina la bwawa la kaburi. Fani ilibidi ijifunze. Kampuni ya Jeff Ellis, iliyoanza kufunza waokoaji miaka hiyo ya 1980, ilieneza kanuni ya 10/20: sekunde 10 za kumwona anayezama, sekunde 20 za kumfikia. Ndiyo maana mwokoaji mzuri hutikisa kichwa kushoto kulia kama feni ya mezani. Mimi huwatazama wao kwanza kabla ya kutazama mserereko. Nikikuta mmoja anachezea simu, nabaki na soda yangu kivulini.

Dubai, Wild Wadi ya mwaka 1999 imejengwa juu ya hekaya ya Juha, ambaye kwetu angeelewana vizuri na Abunuwasi, na humo nilipandishwa kilima na maji. Mikondo yenye nguvu inakusukuma juu ndani ya tyubu yako, mbinu iliyotoka kwa wale wale wa Schlitterbahn. Dada yangu anayefanya kazi huko alikataa kupanda; alibaki ameshika pochi na viatu vyangu.

Kwetu Dar es Salaam kuna Kunduchi, na miserereko yake ipo upande huu wa ukuta huku Bahari ya Hindi ikiwa upande wa pili. Si mbali na hapo kuna magofu ya mji wa Waswahili wa kale, msikiti na makaburi yenye nguzo, na ufukweni wavuvi wanatia nanga. Watu wameishi na bahari hiyo karne kwa karne, na sisi tumeipa mgongo tumepanga foleni kupanda ngazi. Mwanzo niliona aibu kidogo. Mtoto wa kaka yangu, ambaye anaogelea kama samaki, alizunguka mto wa duara, akajaribu kupiga mbizi kwenye maji mafupi, akapigiwa filimbi, akaja kukaa karibu yangu. "Shangazi, tunaondoka saa ngapi?"

Wet 'n Wild ya Orlando ilifungwa tarehe 31 Desemba 2016, na mwaka uliofuata Universal wakafungua Volcano Bay, si mbali na hapo. Jaketi za kuelea hutolewa bure. Kuna miserereko miwili inayokwishia hewani, juu ya maji marefu, ukidondoka ujitegemee. Hiyo nimemwambia yule mtoto wa kaka yangu ni yake, akipata nauli.