Mhalifu ni nani?

Neno "mhalifu" latokana na kuhalifu, yaani kwenda kinyume cha amri. Kisheria, basi, hakuna mhalifu kabla kosa halijathibitishwa. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 13, yakataza kumtendea mshitakiwa kama mwenye hatia kabla ya hapo.

Huku kwetu Usukumani, jina mara nyingi limetangulia hukumu. Mapema miaka ya 1980 Sungusungu walianza kuwasaka wezi wa ng'ombe, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Lakini pamoja na wezi, vikongwe walioitwa wachawi nao walisakwa. Katika miongo hiyo hiyo vikongwe wengi waliuawa kwa mapanga, ushahidi ukiwa macho mekundu, ambayo kwa kawaida ni matunda ya moshi wa jikoni wa miaka mingi.

Kwa kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu, mwuaji ndiye mhalifu. Kwa lugha ya kijiji, mhalifu alikuwa bibi aliyekwisha kuzikwa.

Tupime basi majina tunayowapa jirani zetu. Mahakamani mna rufaa. Kwa jina lililokwisha kusambaa kisimani na gulioni, rufaa haipo.