Kambi au Site? Wazee wetu walipokwenda Katanga kutafuta kazi



Kila mwaka vijana wa parokia zetu hufunga mizigo yao na kwenda kutafuta kazi Kolwezi, Likasi, Fungurume au Lubumbashi. Kabla ya kuondoka huuliza habari za mshahara. Ni wachache wanaouliza: nitakaa wapi, na watu gani? Lakini mshahara huisha kabla ya mwezi, na nyumba ndiyo inayolea watoto. Basi tutazame jinsi wazee wetu walivyolipata swali hilo katika miji ya shaba.

Kompani ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli ya kutoka Rhodesia ilifika Elisabethville, mji unaoitwa Lubumbashi tangu mwaka 1966, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa pale. Kazi ilikuwa nyingi, watu hawakutosha. Ikawa kutafuta watu Rhodesia ya Kaskazini, Lomami, Kasai, na baadaye hata Ruanda-Urundi. Wafanyakazi waliipa kompani jina la Changa-Changa, na kweli ilichanga watu wa makabila mengi mahali pamoja.

Siku zile za kwanza hakuna aliyechagua nyumba. Mtu aliandikwa kazi kwa miezi michache, akamwacha mke kijijini, akalala kambini pamoja na wanaume wengine. Vibanda vilikuwa vibaya, na wengi walikufa kwa homa ya mapafu na kwa magonjwa ya tumbo. Aliyepona alirudi kwao mkataba ulipokwisha, na mwingine akaletwa mahali pake.

Karibu na mwaka 1928 kompani ilibadili shauri. Iliona kwamba kuleta watu wapya kila mara ni hasara kubwa. Ikaanza kuandika watu kwa miaka mitatu, ikapenda walio na wake, hata ikawakopesha wasioolewa bado fedha za mahari. Mke na watoto wakapewa posho. Zikajengwa nyumba nzuri zaidi, hospitali na mahali pa kuzalia. Shule za kambini zikakabidhiwa mapadri Wabenediktini, ambao walikuwa wamefika Katanga tangu mwaka 1910 pamoja na Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuwa askofu baadaye. Tusikatae: watoto wengi waliokolewa na dawa za kambi, na ndoa nyingi za kikristu zilisimama kwa sababu mume na mke walikaa pamoja.

Lakini kambi ilikuwa na mwenyewe. Mkubwa wa kambi alijua nani analala ndani ya kila nyumba. Ndugu akitoka kijijini kukutembelea, ilipasa aombe ruhusa. Tena nyumba ilifungwa pamoja na kazi kama jembe na mpini wake: kazi ikitoka, nyumba nayo imetoka. Jambo hilo lilionekana wazi baada ya mwaka 1930, bei ya shaba ilipoanguka duniani. Maelfu ya wafanyakazi waliachishwa kazi na kurudishwa kwao. Walipoteza mshahara, posho na nyumba pamoja. Na mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Elisabethville walipogoma kudai nyongeza ya mshahara, askari waliwapiga risasi tarehe 9, wakaua wengi. Hapo watu walifahamu kwamba anayekulisha na kukulaza anaweza kudhani kwamba amekununua.

Kando ya kambi kulikuwa na mji mwingine wa watu weusi, ulioitwa site: kwanza Kamalondo, halafu Kenya, halafu Katuba na Ruashi. Walikaa huko makarani, mafundi, washonaji, wachuuzi, watumishi wa nyumba za Wazungu. Maisha yake hayakuwa rahisi. Uwanja mtupu uliitenga na mji wa Wazungu, mtu alihitaji barua ya kukaa, na usiku hakutembea apendavyo. Hakukuwa na posho. Chakula, kuni na kodi ya nyumba vilitoka mfukoni. Lakini mtu wa site aliweza kumpokea mama yake mzee bila kuomba ruhusa ya kompani. Mke wake aliweza kuuza unga mlangoni. Jirani zake wa kabila lake na wa makabila mengine walifanya vyama vya kusaidiana na kuzikana.

Baada ya vita ya pili serikali ilianza kuwakopesha watu fedha na vifaa ili wajijengee wenyewe. Mkuu wa wilaya, Grévisse, alisukuma sana kazi hiyo, na Katuba ilijengwa hivyo. Jioni, baada ya kazi, baba alishika mwiko wa mwashi naye mama akachota maji ya udongo. Nyumba ilichelewa kwisha, lakini ilipokwisha ilikuwa yao.

Mwaka 1967 serikali ya Kongo iliichukua kompani, ambayo baadaye ikaitwa Gécamines. Watu wa kambi waliendelea kupata unga, shule na hospitali, wakaamini kwamba mambo yatakuwa hivyo milele. Lakini katika miaka ya 1990 kompani ilianguka. Mishahara ikachelewa miezi na miezi, dawa zikakosekana, walimu wakaondoka. Tangu mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini kwa mpango ulioitwa wa hiari, wakapewa fedha ambazo hazikukaa. Watu wa site nao waliona njaa, tusidanganye. Lakini walikuwa wamezoea kujitafutia, na mwenye kiwanja chake aliweza kupangisha chumba au kupanda mboga.

Basi, kijana unayesafiri, sisemi ukatae nyumba ya kompani. Ukiipewa, shukuru na uitumie vizuri. Ila jiulize maneno matatu. Kwanza: siku kazi itakapokwisha, nyumba hii itakuwa ya nani? Pili: mke wangu na watoto wangu wataweza kukaa nami hapa, au nitawaacha kama wale wa zamani? Tatu: kanisa liko wapi, na jirani gani atakuja nikiugua usiku? Na tangu mwezi wa kwanza weka fedha kidogo kwa ajili ya kiwanja chako, hata kikiwa mbali na lami.

Mtakatifu Yosefu, ambaye Papa Pio XII alimwekea mwaka 1955 sikukuu ya Mfanyakazi, alihama pia na jamaa yake. Aliporudi kutoka Misri alisikia kwamba Arkelao anatawala Yudea, akaogopa. Hakuingia kwa haraka. Alifikiri, akasikiliza onyo la Mungu, akaenda kukaa Nazareti. Ulikuwa mji mdogo, usio na sifa. Lakini hapo Mtoto alikua salama.