Pata potea si kiinimacho: Karata na majina yake Nairobi

Mtu akichomoa karata tatu kando ya reli inayopita Kibera, karibu na Kisumu Ndogo, wapita njia hawasubiri aeleze kazi yake. "Hiyo ni pata potea," mmoja atasema. Mwenzake ataongeza, "Chunga mfuko, bro." Na karata ikibadilika sura juu ya kiganja bila mtu kuombwa hata shilingi, lawama hugeuka: sasa ni "uchawi". Kijana anayetaka kula kwa ustadi wa vidole vyake huachiwa majina hayo mawili tu, tapeli au mchawi. Ilhali Kiswahili kina jina lake, na kimekuwa nalo kitambo.

Tuanze na karata zenyewe. Wareno walifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, na wakaipoteza kwa Waomani mwaka 1698. Walituachia meza, bendera, leso, na pia karata, kutoka neno lao carta. Majina ya aina nne za karata nayo ni yao. Kopa ni vikombe, uru ni dhahabu, shupaza ni panga na pau ni magongo. Hata turufu imetoka huko.

Lakini itazame kopa leo. Huoni kikombe, unaona moyo. Sababu ni kwamba michoro tuliyoizoea ni ya Kifaransa, iliyoenezwa duniani na Waingereza, ilhali majina ni ya karata za kale zaidi, ambazo Ulaya ilizipokea katika karne ya 14 kutoka nchi za Kiislamu. Karata za Wamamluki wa Misri zilizohifadhiwa katika jumba la Topkapı, Istanbul, zina vikombe, sarafu, panga na magongo ya polo. Kwa hiyo mzee wa Lamu anaposema "pau" huku akitupa karata yenye ua, ulimi wake unakumbuka gongo ambalo jicho halilioni tena.

Bara mambo yalikwenda kivingine. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, na mwaka 1901 reli ikafika Kisumu. Kibera wakakaa askari Wanubi wa jeshi la KAR, na baadaye watu wa kutoka Nyanza wakaja na jina la nyumbani, ndiyo maana Kisumu Ndogo inatajwa Kibera. Huku neno lililoshika ni kadi, kutoka Kiingereza. Vijana wanaocheza poka kibarazani hawasemi "nimebakiza karata ya kumalizia." Wanasema, "Niko kadi!" Jambo la kufurahisha ni kwamba karata ya Mreno, kadi ya Mwingereza na karatasi tuliyoipata kwa Mwarabu zina babu mmoja, neno la Kigiriki khartes.

Sasa tuje kwenye pata potea. Jina hili limeundwa kwa vitenzi viwili vilivyowekwa sambamba, kama patashika. Lakini angalia kitenzi cha pili. Hakikusemwa "pata poteza". Kupoteza kunahitaji kitu, kwa mfano fedha. Kupotea ni kwa mtu mwenyewe. Aliyeubatiza mchezo huu alijua kwamba kinachopotea si mia mbili za mchezaji tu.

Namna unavyofanyika si siri. Mchezeshaji hushika karata mbili kwa mkono mmoja, moja juu ya nyingine, na ya tatu kwa mkono wa pili. Macho hudhani ya chini ndiyo itakayoanguka kwanza, kumbe yeye huachilia ya juu. Mbinu hii ilielezwa waziwazi katika kitabu cha S. W. Erdnase kilichochapishwa Chicago mwaka 1902. Ila mkono huo peke yake haumli mtu. Wanaomla ni wale "wateja" wanaoshinda mbele yake, kumbe ni wenzake mchezeshaji. Mmoja wao hukunja pembe ya karata kwa siri ili mgeni ajione ameerevuka. Mgeni huweka pesa zote, na pembe iliyokunjwa huwa imeshahamia karata nyingine.

Mkono uleule, ukiondolewa dau na wateja bandia, ndio unaofanya kiinimacho. Neno hili lina kiini na macho ndani yake. Kiini cha jicho ni ile mboni tunayoonea. Jina lenyewe linakiri kwamba kinachochezewa ni macho ya mtazamaji. Halitaji pepo wala dawa. Mazingaombwe ni jina lake pana zaidi. Uganga na uchawi ni mambo mengine kabisa.

Mkanganyiko ulitujia kwa tafsiri. Kiingereza hutumia neno moja kwa mrogaji na kwa mtumbuizaji wa karata, nasi tukalifasiri lote kuwa uchawi, kana kwamba hatukuwa na maneno mawili. Hili si suala la kamusi tu. Sheria ya Uchawi ya Kenya ya mwaka 1925 inamlenga anayejidai kuwa na nguvu za kuwatia watu hofu au kuwadhuru. Umati nao hausomi sheria: Mei 2008, huko Kisii, watu 11 waliuawa kwa kuchomwa moto kwa tuhuma za uchawi. Katika nchi yenye kumbukumbu kama hiyo, kuita burudani "uchawi wa karata" ni kumtwika msanii mzigo asioubeba.

Tena kazi yake ni ngumu kuliko ya tapeli. Mwenye pata potea huchagua mahali pa kusimama, na wenzake humkinga. Mfanya kiinimacho cha karibu, katika uchochoro wa Kisumu Ndogo au mezani hotelini, huzingirwa pande zote, mtoto akichungulia chini ya kwapa lake. Karata lazima igeuke peupe, mbele ya pua za watu, na akimaliza awe tayari kuanza upya kwa kundi linalofuata. Malipo yake hutolewa kwa hiari, baada ya watu kuona, si kabla.

Hapo ndipo penye mpaka. Tapeli huapa kwamba hadanganyi, kisha akadanganya. Mfanya kiinimacho hutangaza kwamba atadanganya macho, na akatimiza ahadi. Anayempita kando ya reli na amwite kwa jina lake.