Nani Hupimwa Kiingereza? Vibali vya Kazi na Siasa ya Pasipoti

Matangazo ya mawakala wa ajira yanayozunguka kwenye simu za vijana wa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam yana ahadi moja inayojirudia: kibali cha kazi Ulaya au Kanada "bila IELTS", yaani bila mtihani wa kimataifa wa Kiingereza. Ahadi hiyo ina nguvu kwa sababu si uongo mtupu. Nchi kadhaa tajiri hazidai cheti cha mtihani wa Kiingereza kabla ya kutoa kibali cha kazi. Hata hivyo, makala hii inadai kwamba mtihani unapoondolewa kwenye fomu ya viza, upimaji wa lugha huhamia kwa mtu mwingine: mwajiri, bodi ya taaluma, ofisa wa ubalozi, hata askari wa barabarani. Mahali pengine haumfikii yeyote, na huko ndiko mfanyakazi anakoumia zaidi.

Uingereza inatupa mfano ulio wazi. Mwombaji wa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi lazima athibitishe Kiingereza chake, na tangu tarehe 8 Januari 2026 kiwango kwa waombaji wapya kimepanda kutoka B1 hadi B2 katika ngazi za lugha za Ulaya. Mtihani unaepukika kwa mwenye shahada iliyofundishwa kwa Kiingereza, ambayo kama ilitolewa ng'ambo huhakikiwa kwa ada na taasisi ya Ecctis. Unaepukika pia kwa daktari au muuguzi ambaye bodi ya taaluma yake imekwisha kumpima. Ila njia nyepesi kuliko zote ni kuzaliwa mahali panapofaa. Serikali ya Uingereza ina orodha ya nchi ambazo raia wake hawaulizwi kitu: Marekani, Australia, New Zealand, Kanada, Malta, na visiwa vingi vya Karibiani pamoja na Belize na Guyana. Hakuna hata nchi moja ya bara la Afrika.

Tazama matokeo yake. Raia wa Kanada aliyekulia kijijini Quebec, akasoma na kufanya kazi kwa Kifaransa maisha yake yote, anapita bila swali. Mkenya aliyefundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne, katika nchi ambayo sheria zake huandikwa kwa Kiingereza, anatakiwa alipe ada inayozidi dola 200 kwa mtihani ambao matokeo yake hudumu miaka miwili tu. Watetezi wa orodha husema, na hawajakosea, kwamba Wakenya wengi hawazungumzi Kiingereza nyumbani. Lakini aliyeomba viza si Wakenya wengi. Ni mtu mmoja mwenye jina, vyeti na mwajiri anayemsubiri. Mtihani humhukumu mtu, ilhali msamaha huhukumu taifa, na mizani hizo mbili haziwezi kutumika katika foleni moja kisha tukaambiwa kuna haki.

Desturi hii ina nasaba, na nasaba hiyo inapita Afrika. Mwaka 1897 koloni la Natal, lililo leo ndani ya Afrika Kusini, lilipitisha sheria iliyomtaka mhamiaji aandike maombi yake kwa lugha ya Ulaya. Walengwa walikuwa Wahindi, ingawa sheria haikuwataja. Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliipenda mbinu hiyo kwa sababu ilibagua bila kutamka rangi, akaipendekeza kwa makoloni mengine. Australia iliichukua mwaka 1901: ofisa wa bandari aliweza kumsomea mgeni imla ya maneno 50 kwa lugha yoyote ya Ulaya aliyoichagua ofisa mwenyewe. Mwaka 1934 mwandishi Egon Kisch, mzaliwa wa Prague aliyejua lugha kadhaa, alisomewa imla ya Kigaeli cha Uskochi. Mahakama Kuu ya Australia ikaamua kuwa Kigaeli hicho hakikuwa lugha ya Ulaya kwa maana ya sheria ile, lakini imla yenyewe iliendelea kuwamo katika sheria hadi 1958. Marekani, ambayo haikuwa na huruma kubwa kwa wahamiaji zama hizo, ilikuwa na mtihani wa aina nyingine: sheria yake ya 1917 ilitaka mhamiaji asome maneno 30 hadi 40 kwa lugha yake mwenyewe. Kwa kipimo hicho Mswahili angesoma Kiswahili na kupita.

Sisemi kwamba IELTS ni imla ya Natal. Ni mtihani uliotungwa kitaalamu, unaosahihishwa kwa vigezo vinavyojulikana, na anayeshindwa leo anaweza kurudi tena. Kilichorithiwa ni mpangilio wa nani asimame mbele ya meza ya msahihishaji na nani apite pembeni.

Kisa cha wauguzi wa Kenya kinastahili kuchunguzwa kwa utulivu zaidi ya kilivyochunguzwa na magazeti. Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya wafanyakazi wa afya Julai 2021. Februari mwaka uliofuata, Waziri wa Afya wa Kenya wakati huo, Mutahi Kagwe, alieleza kuwa kati ya wauguzi 300 waliopelekwa kwenye mtihani wa Kiingereza, 10 tu ndio waliofaulu. Watu walicheka, wengine wakaona aibu ya taifa. Wachache waliuliza alama zenyewe zimetoka wapi. Baraza la wauguzi la Uingereza lilikuwa likidai alama 7 katika kila sehemu ya IELTS, kisha mwishoni mwa 2018 likashusha sehemu ya kuandika hadi 6.5. Mwaka 2017 lilikuwa limekubali mtihani mwingine, OET, uliotungwa kwa ajili ya watu wa afya, ambamo mtahiniwa huandika barua ya rufaa ya mgonjwa badala ya insha kuhusu faida na hasara za utalii. Mwaka 2023 likafungua mlango mwingine: aliyekosa alama kwa nusu pointi, au aliyesomea uuguzi kwa Kiingereza katika nchi ambako Kiingereza si lugha ya wengi, na ambaye tayari anafanya kazi ya huduma Uingereza, anaweza kutumia ushahidi wa mwajiri wake. Hakuna aliyegundua kati ya miaka hiyo kwamba mgonjwa anahitaji Kiingereza kidogo zaidi. Hospitali zilikuwa na upungufu wa wauguzi. Kipimo kinachotetewa kwa jina la usalama wa mgonjwa kilisogezwa na soko la ajira, na hilo wajumbe wetu walipaswa kulijua kabla ya kuketi mezani.

Sasa turudi kwa nchi zinazotangazwa kuwa hazina mtihani. Kibali cha kazi cha muda cha Kanada hakidai cheti cha lugha kwa kila mwombaji, lakini ofisa wa viza anatakiwa kumkatalia mtu anayeona hataimudu kazi, na lugha huingia katika hukumu hiyo. Anayetaka ukaazi wa kudumu kupitia mfumo wa Express Entry hana njia ya kukwepa: lazima afanye mtihani, hata kama amezaliwa London. Mimi naona utaratibu huo ni wa haki kuliko ule wa Uingereza, ingawa unagharimu. Ujerumani hutoa kibali cha kazi kiitwacho kadi ya buluu kwa wenye shahada bila cheti cha lugha, ila muuguzi hafanyi kazi kama muuguzi huko bila Kijerumani, kwa kawaida cha kiwango cha B2. Makubaliano ambayo Kenya na Ujerumani zilitia saini Berlin Septemba 2024 hayakufuta sharti hilo. Marekani haina mtihani wa Kiingereza kwa vibali vyake vingi vya kazi. Lakini tangu Juni 2025 dereva wa lori anayeshindwa kuongea Kiingereza na askari huondolewa barabarani papo hapo.

Ghuba ni habari nyingine kabisa. Mtumishi wa nyumbani anayetoka Tanga, Unguja au Kwale kwenda Muscat au Riyadh hapimwi Kiingereza wala Kiarabu. Husaini mkataba ambao, ukizuka ubishi, maandishi yake ya Kiarabu ndiyo yanayotawala. Ripoti ya Human Rights Watch ya Novemba 2017 kuhusu Watanzania walioajiriwa majumbani Oman na Falme za Kiarabu ilieleza pasipoti kuchukuliwa, mishahara kuzuiwa, saa za kazi zisizo na mwisho na kupigwa. Oman ina familia nyingi zenye asili ya Zanzibar ambazo Kiswahili ni lugha yao ya nyumbani, kwa hiyo wapo watumishi wanaoelewana vizuri na waajiri wao tangu siku ya kwanza. Maelewano hayo hayavunji mfumo wa kafala, ambao humfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja. Huko ndiko ahadi ya kazi bila mtihani imetimizwa kikamilifu.

Wakala anayeuza njia ya mkato hujificha katikati ya tofauti hizi, kwa sababu mteja wake hajui kwamba "bila IELTS" inaweza kumaanisha mwaka mzima wa Kijerumani au mkataba asioweza kuusoma. Kwa Kanada jambo moja linafaa kujulikana na kila msomaji: ada ya dola 1,000 za Kanada ya kuomba tathmini ya soko la ajira, karatasi ya kumruhusu mwajiri kuajiri mgeni, hulipwa na mwajiri, na ni marufuku kumtoza mfanyakazi. Anayekuuzia karatasi hiyo anavunja sheria ya nchi anayodai kukupeleka.

Vijana wa Nigeria waliwahi kuendesha kampeni ya kuitaka Uingereza iiingize nchi yao kwenye orodha ya msamaha. Naelewa hasira yao, lakini siungi mkono dawa hiyo. Mtanzania husoma msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari na chuo kwa Kiingereza kwa mujibu wa kanuni. Kila aliyeketi katika madarasa hayo anajua kuwa somo mara nyingi hufafanuliwa kwa Kiswahili. Cheti kinachosema lugha ya kufundishia ilikuwa Kiingereza hakielezi mwenye cheti anajua nini. Kuongeza Nigeria, au hata Tanzania, kwenye orodha ya mataifa kungeeneza kosa lile lile. Orodha yenyewe ifutwe, kila mtu apimwe kwa lugha ya kazi yake, na gharama iwe ya anayehitaji mfanyakazi.

Wizara za kazi za Afrika Mashariki haziwezi kuifuta orodha ya London. Zinaweza kudai, katika kila makubaliano mapya, kwamba mwajiri alipe ada ya mtihani na kwamba alama ya Kiingereza ya mtihani wa taifa, ya mtu binafsi, itambuliwe. Kwa watumishi wa nyumbani kazi ni rahisi zaidi. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unataka mtumishi aelezwe masharti ya ajira kwa namna anayoielewa. Mkataba wa ajira usio na nakala ya Kiswahili yenye nguvu sawa kisheria usigongwe muhuri Dar es Salaam, Zanzibar wala Nairobi.