Hidaya za Ng'ambo ya Ruvuma

Mwaka 1886, Wajerumani na Wareno walipoafikiana kuufanya mto Ruvuma kuwa mpaka wa himaya zao, hawakutaka shauri la Wamakonde wala Wamakua, ambao tangu zama za mababu walikuwa wakivuka kwa mitumbwi, au kwa miguu maji yapunguapo wakati wa kiangazi, kwenda kuoa, kuzika na kujuliana hali. Basi mtu wa Newala au Masasi akajikuta chini ya dola moja, na shangazi yake wa ng'ambo chini ya dola nyingine.

Hata hivyo ada haikukatika. Kwa kuwa ni aibu kumwendea jamaa mikono mitupu, msafiri alifungasha alichojaaliwa, kama vile chumvi, nafaka, korosho au nguo, na hidaya hiyo, japo haba, ilishuhudia kwamba nasaba ingali hai. Wengine, wakiikimbia shokoa ya Wareno, walifika hata mashamba ya mkonge ya Tanga na ya Kwale nchini Kenya, ambako wajukuu wao walitambuliwa kuwa raia mwaka 2016.

Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza Septemba 1964, maelfu ya wakimbizi walivuka kuja kusini mwa Tanzania, na udugu uliotunzwa kwa hidaya ndogo ndogo ukawa kwa wengi wao hifadhi. Daraja la Umoja juu ya Ruvuma, lililofunguliwa mwaka 2010, limewarahisishia njia jamaa wa pande zote mbili. Lakini wajibu wa kukumbukana ni wetu sisi wenyewe kuutimiza na kuwarithisha watoto wetu.